Wimbo Uliozidi

Kabla sijaanza, kama kuna redio inaimba hapo mlipo, izimeni. Si kwa ajili yangu, mimi kelele nimezizoea. Ni kwa ajili yenu, maana mambo haya yalianza na wimbo mdogo tu, tena mtamu, na aliyeusikia wa kwanza aliutikisia kichwa.

Palikuwa na fundi cherehani mmoja, mwanamke mwenye mkono mwepesi na mdomo usio na breki, aliyeshonea sebuleni kwake. Mumewe alikuwa mtunza maktaba ya muziki katika kituo cha redio, na mtaa mzima ulimwita Bwana Maktaba. Wakubwa wa kituo walipoamua kwamba sasa kila kitu kiwe kwenye kompyuta, waliamuru CD zote za zamani zitupwe. Bwana Maktaba nusura azimie. Alizibeba mpaka nyumbani, boksi baada ya boksi, akajaza chumba cha nyuma, kile ambacho mkewe alikuwa amekitolea macho siku nyingi aweke meza ya kukatia vitambaa.

"Nitaziingiza zote kwenye kompyuta," alisema. "Moja moja. Zikishaingia, maboksi yanatoka, chumba chako unakipata."

"Lini?"

"Ah, mke wangu. Muziki hauharakishwi."

Basi ikawa ndiyo kazi yake kila alasiri akirudi. Anaweka CD kwenye trei, kompyuta inaimeza, inanguruma kidogo, nyimbo zinaingia. Anaandika jina la kila wimbo na jina la mwimbaji, kisha anasikiliza kila mmoja mpaka mwisho ahakikishe haujakwaruzwa. Haruki hata mmoja. Mwanamume yule angeweza kutumwa chumvi akarudi na sabuni, lakini kisanduku cha jina la mwimbaji hakuwahi kukiacha kitupu maishani mwake. Kikiwa kitupu alikosa usingizi, haki ya Mungu.

Na alikuwamo binti. Mama yake, mke wa kwanza wa Bwana Maktaba, alifariki mtoto akiwa ndiyo kwanza anasimama dede. Fundi alipoolewa pale, mtoto alikuwa hajui kusema zaidi ya "ba" na "ta". Maneno yote aliyokuja kuyajua aliyaokota mapajani kwa Fundi, huku cherehani ikilia. Na alipoyapata, loo! Akiamka anaongea, akipiga mswaki anaongea, akilala anamalizia. Wakamwita Chiriku. Fundi alimwita hivyo kwa kulalamika, lakini siku Chiriku akienda shule nyumba ilimshinda, akawasha redio.

Kitu cha kwanza kwenda kombo kilikuwa mlango. Bwana Maktaba, ambaye miaka yote alipiga muziki mlango wazi ili na majirani wafaidi, alianza kuufunga. Mwanzo aliurudishia tu. Kisha akawa anaubana. Halafu alasiri moja Fundi akasikia komeo.

"Baba Chiriku, hilo komeo la nini?"

"Vumbi," alijibu kutoka ndani. "Linaharibu CD."

Vumbi! Nyumba ile Fundi aliipiga deki mwenyewe kila asubuhi. Akaacha kukanyaga cherehani, sindano ikabaki juu, akatega sikio. Akamsikia mumewe anacheka. Si kile kicheko chake cha kila siku cha kutokea puani. Hiki kilikuwa cha chini, cha kumchekea mtu aliye karibu. Na nyuma ya kicheko mwanamke akaimba kwa kufumba mdomo, kidogo tu, kama mtu anayefua nguo zake bila kujua kwamba anasikilizwa.

"Ni wimbo," Fundi alijiambia. "Si ndiyo kazi yake, nyimbo?"

Lakini wimbo una ngoma, una gitaa, una chochote. Huu haukuwa na chombo hata kimoja. Na ulipokoma, mumewe aliujibu. Alisema, "Enhe?"

Kesho yake Fundi alivuka barabara kwenda kwa shoga yake, msusi, akamkuta ana kichwa cha mteja magotini. Akasubiri mteja aondoke ndipo akamwaga yote: mlango, komeo, sauti, na shati. Maana shati la mumewe lilikuwa linanukia mafuta ya nywele ya waridi, na yeye Fundi tangu azaliwe hajapaka waridi.

"Shoga," alisema msusi, akitoa nywele kwenye kitana, "mwanamume akijifungia chumbani na chumba kikanukia waridi, humo hamna CD. Humo mna mtu."

"Dirisha lina nondo."

"Mwembamba anapita."

"Labda awe karatasi."

"Basi anaingilia mlangoni, wewe umeinamia cherehani. Mimi nakwambia, fumbua macho. Wewe mwenyewe uliingiaje nyumba ile?"

Hilo lilimchoma, na msusi alijua litamchoma. Fundi alikuwa ndiye mshonaji wa marehemu. Alimpima kifua, alimpima kiuno, alimshonea magauni. Mwaka mmoja na ushee baada ya mazishi akaolewa na mjane. Watu walisema waliyosema: kwamba alipima nguo akapima na mume. Alishazoea kuyameza.

Alianza uchunguzi. Alisaga chaki ya kushonea, akainyunyiza chini ya dirisha la chumba cha nyuma na kwenye mlango wa uani. Alasiri ikapita, mwanamke akasikika akiimba, mume akasikika akimchekea, na Fundi alipokwenda kutazama chaki aliikuta kama alivyoiacha. Hakuna unyayo. Kuku tu alikuwa amepita pembeni. Jambo hilo halikumpa raha hata kidogo. Mwanamke anayeingia na kutoka unaweza kumvizia na ufagio.

Na hapo katikati, Chiriku akaanza kukauka sauti.

Walidhani mafua. Fundi akampa maji ya uvuguvugu na chumvi asukutue, akamfunga kitambaa shingoni. Sauti ikawa inakwenda na kurudi. Daktari alimmulika kooni na tochi yake, akamwambia aseme "aaa", akasema koo ni safi kabisa, hana hata wekundu. "Labda anaongea sana," alisema daktari, na Fundi akacheka, maana lini Chiriku hakuongea sana?

Kicheko hicho kilimwisha wiki ileile. Chiriku alikuwa ameketi mkekani anaokota vifungo vilivyoanguka, anasimulia kisa kirefu cha mwalimu wao aliyekaa kwenye kiti kilichovunjika. Kule nyuma mlango ukabanwa. Komeo likaingia. Sauti ya mwanamke ikaanza, na siku hiyo haikuimba, ilizungumza. Na palepale Chiriku akakatika katikati ya neno. Mdomo uliendelea kwenda, mikono iliendelea kuonyesha jinsi mwalimu alivyoanguka, lakini hakuna kilichotoka. Mtoto alishika koo lake. Akamtazama Fundi kwa macho ya kuuliza.

Mwanamke wa chumbani aliponyamaza, sauti ya Chiriku ilirudi. Ilirudi nusu.

Fundi alimkumbatia mtoto hata vifungo vikamwagika tena. Hofu aliyoipata hapo haikuwa tena hofu ya mke mwenye mume mhuni. Angeshukuru kama ingekuwa hiyo.

Alivizia mpaka siku moja mumewe alipotoka kumsindikiza mgeni, mlango akausahau. Fundi akaingia. Chumba kilinukia waridi, na chini ya waridi kulikuwa na harufu nyingine, ya udongo uliochimbuliwa sasa hivi. Kompyuta ilikuwa inawaka. Pembeni palikuwa na jalada la CD ya bendi ya matarumbeta, na mgongoni mwake ziliandikwa nyimbo kumi. Kwenye skrini zilikuwa kumi na moja. Akatazama CD nyingine iliyoingizwa kabla ya hiyo, ya kwaya. Nayo ilikuwa imezidi wimbo mmoja mwishoni. Na nyingine. Na nyingine. Kila mahali ule wimbo uliozidi haukuwa na jina, lakini kwenye kisanduku cha mwimbaji paliandikwa jina. Lilikuwa jina la marehemu.

Akashika kipanya, akabonyeza.

"Mbona umekonda?" alisema mwanamke kwenye spika. "Hulishwi?"

Fundi aliijua sauti hiyo. Mwanamke akisimamishwa apimwe nguo huongea, na Fundi alimsikiliza marehemu miaka mitatu, sindano mdomoni. Ilikuwa sauti yake hasa, yenye kukwama kidogo mwanzo wa kila neno.

"Sasa umejua," mumewe alisema. Alikuwa amesimama mlangoni. Wala hakukasirika. Uso wake ulikuwa na raha ya mtu aliyetuliwa mzigo.

Akamweleza. Nyuma ya ukumbi wa dansi uliofungwa zamani, aliona CD imening'inizwa mtini kwa uzi. Watu hutundika CD bustanini kufukuza ndege, si jambo geni, na yeye CD ikipigwa na jua humuuma kama amepigwa yeye. Akakata uzi, akaileta nyumbani, akaiosha kwa sabuni, akaikausha kwa fulana yake. Haikuwa na maandishi. Ndani mlikuwa na kitu kimoja tu, mtu anaimba kwa kufumba mdomo, huwezi kujua ni mwanamume au mwanamke.

"Mtu mwingine angefuta," alisema Bwana Maktaba. "Mimi sifuti sauti ambayo sijaijua. Kompyuta ikaniuliza mwimbaji nani. Nikakaa. Kisanduku kitupu. Nikasikiliza tena na tena, nikaona, mbona kama ni yeye? Alikuwa akiimba hivyo akifua. Nikaandika jina lake."

"Ukaandika jina lake," Fundi alirudia.

"Na kesho yake nikaisikiliza tena, ikawa yeye kweli! Sauti yake! Na kila CD ninayoingiza baada ya hapo ananiongezea kidogo mwishoni. Ile ya kwanza alisema neno moja. Sasa tunazungumza." Machozi yalimtoka. "Yuko humu, mke wangu. Anarudi kidogo kidogo. Sikukwambia kwa kuwa nilijua utaumia."

"Na Chiriku? Hukuona Chiriku anavyokauka?"

"Mafua yale."

"Yule akisema, mwanao ananyamaza! Nimeona kwa macho yangu!"

Mumewe akasema kwa upole, na upole huo ndio uliomkata maini Fundi: "Nilijua tu. Nilijua kwamba utamwonea wivu hata aliyekufa."

Fundi alitoka. Angesema nini? Angekwenda kwa nani akaseme kwamba marehemu amerudi na mke mdogo hamtaki? Msusi mwenyewe angepeleka habari hizo kila nyumba kabla ya jua kuzama. Lakini aliendelea kuishuku ile sauti kama anavyoshuku kitambaa kinachong'aa mno dukani. Marehemu alikuwa mtu wa manung'uniko. Alilalamikia mikono, alilalamikia pindo, alimlalamikia hata huyo Bwana Maktaba na maboksi yake. Huyu wa kwenye spika alikuwa mtamu mwanzo mwisho. Alisema yale tu mjane angependa kuyasikia.

Asubuhi, mume yuko kazini na mtoto yuko shule, Fundi aliingia chumba cha nyuma na kukalia kiti cha mumewe. Hakuiwasha kompyuta. Ilikuwa inawaka.

"Masikini," alisema kwa sauti, kama mwanamke anayejisemea mwenyewe. "Nalikumbuka gauni lake la kijani. Lile alilokuja kulichukua mara ya mwisho. Na ule mfuko wa ndani, upande wa moyo, aliniambia nisimwambie mtu. Alitia picha ya mumewe humo."

Trei ya kompyuta ikafunguka. Ilitoka taratibu, tupu, ikakaa nje. Fundi aliikazia macho, akaendelea kulieleza lile gauni, pindo kwa pindo. Trei ilikaa hivyo mpaka alipomaliza kusema. Kisha ikarudi ndani na kujifunga.

Alasiri ile Bwana Maktaba hakukaa na komeo lake sana. Alitoka mbio mpaka sebuleni, ameshika kifua.

"Gauni la kijani!" alisema. "Mfuko wa ndani, upande wa moyo! Alikuwa akibeba picha yangu, wewe ulijua, miaka yote hukuniambia! Amenieleza mwenyewe!"

Fundi aliweka mkasi chini. "Kaa."

"Sikai! Kwa nini ulinificha?"

"Gauni hilo nimelishona leo asubuhi," Fundi alisema polepole. "Kwa mdomo wangu, peke yangu, mbele ya hicho kidude chako. Marehemu alikuwa hagusi kijani. Alisema kinamfanya aonekane mgonjwa. Wewe ulikuwa mumewe, unajua."

Alijua. Fundi aliona alivyojua. Lakini akasema, "Labda nimesahau."

"Hujasahau, Baba Chiriku."

Kule nyuma, mlango ukiwa wazi, spika zikaanza kuimba zenyewe, na safari hii haikuwa sauti ya mwanamke mtu mzima bali kicheko, kicheko kidogo cha mtoto kikifuatiwa na kisa kirefu cha mwalimu aliyekaa kwenye kiti kilichovunjika, neno kwa neno, na pale kilipokatika siku ile hakikukatika, kiliendelea, kikaeleza mwalimu alivyoinuka na kujipangusa, na Chiriku mwenyewe alikuwa amesimama katikati ya sebule na begi lake la shule mgongoni, mdomo wazi, anatetemeka, anajisikia akisimulia kutoka chumba kingine.

"Hiyo ni sauti ya mwanangu," alinong'ona Bwana Maktaba.

Tangu saa hiyo Chiriku hakutoa hata mguno.

Mganga aliletwa siku ya pili mchana. Alikuwa mwanamke mnene mwenye pumu, asiye na mbwembwe, aliyekaa juu ya boksi la CD bila kuuliza na kuomba maji. Aliomba aonyeshwe ile CD ya mtini. Aliigeuza, akainusa.

"Uzi wake ulikuwa na mafundo?"

"Mengi," alisema Bwana Maktaba. "Nikaukata."

"Na huo mti, una matunda? Una majani?"

"Umekauka."

"Sasa ndege gani wanafukuzwa kwenye mti mkavu, mwanangu?" Alihema, akanywa maji. "Aliyeitundika pale alikuwa amemaliza kazi ngumu. Kitu hiki kilikuwa kinaimba tu, hakina jina wala sura. Kisicho na jina hakina pa kushika kwa watu. Wewe ukakishusha mtini, ukakiosha, ukakiandikia jina la mtu. Si ndiyo? Sasa kinataka na sauti ya kulijazia jina hilo. Kinaichota wapi? Kwa wa damu ya mwenye jina. Kikimaliza kuichota, hamtaipata tena."

Fundi aliuliza swali moja tu. "Itarudi?"

"Ikifutwa leo, itarudi." Mganga akamgeukia mume, akainua kidole. "Na hapa nisikilize vizuri. Mkono ulioandika ndio unaofuta. Kila kilipokaa, chote, usibakishe. Mkono mwingine usiguse. Mkono mwingine ukikifuta, hakitoki, kinamhamia mwenye mkono. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Sema ulichoelewa."

"Nifute mwenyewe," alisema Bwana Maktaba. "Asiguse mtu mwingine. Atamhamia."

Akaketi mbele ya kompyuta. Mganga akachoma ubani, akaifunga ile CD ndani ya kitambaa cheusi na kuanza kupiga mafundo, akisoma kwa sauti ya chini. Fundi alisimama mlangoni amemshika Chiriku mkono.

Bwana Maktaba alianza kufuta. Kila CD aliyoiingiza tangu siku ile, matarumbeta, kwaya, magitaa, kazi ya miezi, ilikwenda chini ya kidole chake, naye alilia waziwazi bila kujifuta. Fundi alimwonea huruma, tena huruma ya kweli. Harufu ya waridi ilizidi mpaka ubani hausikiki. Chini yake udongo ulinuka mbichi, na spika zikaanza kusihi.

"Baba Chiriku," ilisema ile sauti, ikikwama mwanzo wa neno kama alivyokwama marehemu, "unanizika mara ya pili, ile ya kwanza hukuwepo hata kunishika mkono, ulikuwa kazini na nyimbo zako, nikakuita, sasa nimekuja mwenyewe na wewe ndiye unayenifungia mlango?" na alivyosema hivyo mapazia yalijivuta ndani kana kwamba nje kuna kinywa, trei ikawa inatoka na kuingia, inatoka na kuingia, mganga akapaliwa na moshi akashikwa na pumu yake, anakohoa na kuhema na vidole bado vinapapasa fundo, na kwenye skrini pakabaki kitu kimoja tu, ule wimbo wa kwanza kabisa, na kompyuta ikauliza kama kweli unataka kuufuta.

Kidole cha Bwana Maktaba kilisimama hewani.

"Bonyeza!" Fundi alisema. "Baba Chiriku, bonyeza!"

Hakubonyeza. Aligeuza kichwa, akamtazama binti yake. Alimtazama sana. Na Chiriku, aliyekuwa amelia bila sauti tangu jana, aliyekuwa anataka kuongea kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, alijichomoa mkononi mwa Fundi na kukimbilia mezani.

Naam, hapa ndipo Fundi hajawahi kupavuka mpaka leo. Chumba kilikuwa kidogo. Kiti kilikuwa kimebana meza, mtoto asingeweza kuifikia kibodi. Na aliona, kwa macho yake mawili, mumewe akisukuma kiti chake pembeni. Akatoa mikono mezani. Akaiweka mapajani.

"Usiguse!" Fundi alipiga kelele, akaruka.

Kidole kidogo kilishabonyeza.

Spika zikanyamaza. Mapazia yakaanguka. Harufu yote ikakatika kwa mara moja, hata ubani ukasikika tena. Mganga alipata pumzi, akatazama skrini tupu, akatazama ni nani aliyesimama mbele yake. Mafundo yakamponyoka mkononi.

"Chiriku," Fundi alisema. Alipiga magoti. "Mwanangu. Sema kitu. Sema chochote."

Mtoto akafungua kinywa.

"Chumba hiki kina joto," ilisema sauti ya mwanamke mtu mzima, ikikwama kidogo mwanzo wa neno. "Fungueni dirisha, jamani."

Bwana Maktaba hakushtuka. Hilo Fundi alilitazama vizuri. Hakuruka, hakupiga yowe, hakumwita Mungu wake. Alisimama, akaenda kufungua dirisha, na aliporudi alikuwa anatabasamu huku machozi yakimtoka.

"Afadhali hivyo?" aliuliza.

"Afadhali. Keti basi, tuzungumze. Una mengi ya kunieleza."

Naye akaketi. Mganga aliokota kitambaa chake, akamwambia Fundi bila kumtazama usoni kwamba hapo yeye hana mkono tena, akatoka akihema. Bwana Maktaba alianza kueleza habari za kituo cha redio, na kinywa cha Chiriku kilimwitikia, kikamcheka, kikamtania, kikauliza hili na lile.

Lakini Fundi alikuwa bado amepiga magoti sakafuni, na mkono wake ulikuwa umeshikwa. Alitazama chini. Vidole vidogo vya Chiriku vilikuwa vimekamata kidole chake gumba, vimekikaza mpaka vimekuwa vyeupe, vinakibana na kuachia, vinakibana na kuachia, wakati huko juu mwanamke yule anaendelea kuzungumza na kucheka kwa raha zake. Fundi naye akavibana. Vidole vikamjibu.